Kitabu Ulichonipa, Nikiwa Rusumo

Dada Veneranda, shikamoo.

Bado nina kinyongo. Mtu aliyeanza biashara na debe moja la maharage, leo ana lori, unamwambiaje hajui furaha, tena unampa na kitabu? Hata hivyo nakisoma. Leo lori limekwama kwenye foleni ya mpakani, mvua inanyesha, nikaingia kwa mama mmoja muuza ndizi za kuchoma, nikaagiza na kufungua kitabu. "Soma kwa sauti, baba," akaniambia. Nikasoma: nuru imo ndani yako, tulia utaiona. Nikaanza kulalamika, kurasa mia mbili kwa neno la mstari mmoja!

"Si umeambiwa utulie?" akacheka. "Unaishinda mvua kwa kelele."

Nikafunga kitabu, nikaisikiliza mvua. Dada, nilisahau foleni kabisa, mpaka ndizi zikapoa. Zilikuwa tamu hivyohivyo.

Mungu akutunze. Kitabu sikirudishi.

Mdogo wako, Deo