Uwanja wa Udongo wa Kichuguu

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika, mabati bado yanadondosha, na hewa ya Nakuru imekuwa laini kama mtu aliyelia mpaka akanyamaza.

Leo hakuna mtu mwenye bahati kunishinda mimi, kuanzia hapa Bondeni mpaka Molo kwenye baridi yao. Mchezaji mkubwa wa tenisi, mtu anayelipwa kuzunguka dunia na raketi, alikuja mpaka pale niliposimama na rola yangu, akanishika mkono mbele ya wazungu wote wa klabu, kisha akamgeukia sekretari akamwambia: "Uwanja huu usiguswe. Na mtu huyu asiguswe." Basi. Sekretari akawa mwekundu kama nyanya.

Na mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimefika Burma na bunduki, nimekula samaki wa Ceylon, na Kiingereza nilikiokota huko huko kwenye makelele ya sajini, maana shule niliiacha standadi ya tatu. Lakini siku kama ya leo sijaiona.

Niandike polepole. Bado naiona kama mtu anayeota macho wazi.

Klabu ina viwanja viwili. Mmoja ni wa simiti, mpya, mweupe, unaumiza macho jua likitoka. Mwingine ni wangu. Nasema wangu ingawa sijawahi kuupigia hata mpira mmoja. Udongo wake ni wa kichuguu. Niliuchimba mwenyewe njia ya Ndabibi, nikauponda, nikauchekecha, nikaulowesha, nikaupitishia rola mpaka ukawa kama sakafu ya nyumba ya mama. Asubuhi nikiunyunyizia maji, harufu inayopanda ni ile ile ya kwetu, na mimi hufumba macho kidogo. Mzungu akipita, najifanya vumbi limeniingia.

Sasa sekretari alishasema. Wageni wangecheza kwenye udongo, yeye aangalie. Ukimpendeza, utabaki. Usipompendeza, simiti itamwagwa kote, na simiti haitaki maji wala rola wala mtu wa kuisukuma. Chumba tunacholala na mke wangu Nekesa kinakwenda na kazi hiyo. Kazi ikiisha, tunarudi kwetu magharibi na masanduku kichwani, na tangu ianze hii Emajensi, hali ya hatari ya serikali, kutafuta kazi nyingine ni kuzungushwa na askari tu, kipande cha kitambulisho mkononi.

Wageni walikuwa wawili. Kiprono, mpishi wa klabu, mtu wa Molo mwenye ulimi kama wembe, ndiye aliyewapa majina. Mrefu akawa Twiga, mfupi akawa Kwale. Kazi yao ni kushindana wao kwa wao, leo mji huu kesho mji ule, mpaka wanajuana kama mke na mume. Kiprono aliwasikia mezani wakisema kwamba Nairobi walicheza juu ya simiti, na Twiga akamaliza mambo kabla chai haijapoa.

"Burma," akaniambia (hilo ndilo jina langu kwake), "huyo mfupi wako ataliwa mzima. Kimo kile hata sufuria ya rafu ya juu hafikii."

"Nairobi alicheza na simiti," nikamjibu. "Hapa atacheza na Twiga. Wewe ngoja."

Sikuwa nabahatisha. Mpira ukigusa simiti haufikiri, unapita. Twiga akiupiga kutoka juu kule mawinguni, mwenzake anausikia nyuma ya sikio. Udongo wangu una heshima. Mpira unagusa, unakaa kidogo kama mgeni aliyepewa kiti, kisha unainuka taratibu. Kwale anakuwa na nafasi ya kufika, kuutazama, na kuuliza habari za nyumbani kabla ya kuurudisha.

Na ikawa hivyo.

Sijui nieleze vipi. Twiga alipiga kwa nguvu zake zote na ule mpira ukarudi. Akapiga tena, ukarudi. Kwale alikuwa akiteleza na mguu mmoja, vumbi jekundu likipanda nyuma yake kama moshi wa mkaa, na kila anapofika mpira ulikuwa unamngoja. Twiga alianza kuhema. Wamama wa kizungu walisahau vikombe mkononi. Mbali kule ziwani flamingo walikuwa mstari wa waridi, na mimi nyuma ya ua nikasikia kila mpira ukigusa ule udongo kwa sauti ndogo, pu, pu, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Nilitamani dunia isimame hapo.

Seti ya kwanza, ya Kwale. Ya pili, alikuwa anaongoza.

"Burma," Kiprono akasema, "umeroga huu uwanja."

"Nimeumwagilia tu, mpishi. Ndivyo na wewe ungefanya ugali wako."

Hapa ningependa kuzima taa nikalale.

Mvua ilishuka kutoka Menengai bila hodi. Watu walikimbilia varanda. Mimi nilibaki kwenye ua nikitazama kazi yangu ikinywa maji, ikinywa, mpaka ikawa uji. Udongo wa kichuguu ukishalewa, siku hiyo hausimami tena.

Mvua ikapita, na simiti ilikuwa palepale, inameremeta tu, inangoja kufagiwa. Sekretari akaita mtu wa kuikausha.

Aliyepewa fagio ni mimi.

Nilifagia vizuri. Wallahi sikuacha hata dimbwi. Wakaingia kumalizia mchezo, watu wale wale, raketi zile zile, na jioni ile ile. Lakini Twiga alikuwa amerefuka, na Kwale alikuwa amechelewa. Mpira uligusa ukapita, ukagusa ukapita. Kwale alikuwa anafika mahali ulipokwisha kupita. Kabla miguu yangu haijakauka, Twiga alikuwa ameshinda.

Sekretari akanigeukia akicheka, si kwa ubaya. "Umeona? Mvua imepiga na bado tumecheza." Akasema lori la simiti linakuja Jumatatu.

Kiprono aliniletea chai ya wageni, yenye maziwa mengi. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nyumbani Nekesa alikuwa ameshafunga sufuria kwenye leso, amezipanga mlangoni. "Baba Wanjala," akauliza, "tunakaa ama tunarudi?"

Niliitazama mikono yake. Nikafungua mdomo, na yakatoka yale niliyoandika hapo juu, mkono na sekretari na nyanya, neno kwa neno, na mimi mwenyewe nikayapenda. Alicheka mpaka akakaa chini. Akafungua leso. Sasa hivi sufuria ziko kwenye moto, anaimba, na jirani wawili wameshaambiwa. Kesho atawaambia kanisa zima.

Niliyaandika hapa pia, nione yatakavyokaa kwenye karatasi. Yalikaa vizuri sana.

Lazima nimwambie kabla kengele ya kanisa haijalia kesho. Labda akishakula. Labda nianze na ule mpira ulivyokuwa ukiinuka taratibu, ajue kwanza kwamba kitu hicho kilikuwepo, kwamba mtu mmoja mfupi aliteleza juu ya mikono yangu akawa mkubwa kuliko twiga.

Nimedanganya. Kwale hakunishika mkono. Alipita mbele yangu akijifuta uso kwa taulo, na mkononi nilikuwa bado nimeshika fagio.