Saini ya Mwisho ya Ombi la Lorna

Jumatatu, 4 Februari

Baraza la mji limepitisha: kila gari la hapa Halvor Creek litaongezewa ada ya usajili, dola ishirini kwa mwaka, za barabara. Mimi karani nikaandika. Sikusikitika — mume wangu Duane ndiye anayeendesha gari la mji la kusukuma theluji, na barabara zetu ni mashimo matupu.

Lakini Lorna Tveit akasimama! Miaka thelathini aliendesha basi la shule. Ada yenyewe hakuipinga. Alichosema: mtuulize kwanza, tupige kura. Mwenyekiti akacheka. "Mama Lorna, mashimo hayasubiri kura."

"Haya. Nitakuletea saini."

Ili kura ipigwe zinatakiwa 212 za wakazi, mwisho Ijumaa tarehe 22, saa kumi na moja jioni.

Alhamisi, 14 Februari

Baridi ya kukata masikio. Lorna anapita nyumba kwa nyumba — kwa miguu! Duane alisimama ampe lifti. Kakataa, asije mtu akasema gari la mji linambeba. Duane kasimulia hiyo habari chakula kizima. "Huyo mama ni chuma!" Na Duane ndiye anayeitaka ada kuliko sisi sote.

Ijumaa, 22 Februari

Alifika saa kumi na nusu. Saini 212 kamili, mashavu mekundu kama nyanya. Nikaanza kuhakiki. Ukurasa wa tisa akanizuia.

"Ngoja, Marlys. Huyu Elroy Bauer alisaini jana, nilipomkuta kwake. Leo jirani yake kaniambia alikuja kuchukua vitu tu; kahamia jimbo la Minnesota kwa binti yake tangu Krismasi. Mfute."

Kwenye orodha yangu ya wapiga kura Elroy bado yumo. Nisingejua kamwe!

"Ukimfuta hazitimii, Lorna."

"Najua kuhesabu. Mfute."

Nikamfuta. Akaanza kuvaa glovu. Nje theluji, barabarani hakuna hata mbwa. Zimebaki dakika tisa.

Nikamuuliza mbona mimi hakuniomba.

"Wewe? Na kazi yako hii, na kazi ya Duane? Sikutaka kukuponza."

Ile ada naitaka. Naitaka kweli. Nikavuta karatasi, nikasaini. Ya 212. Lorna kanishika mkono, na glovu yake baridi.

Saa kumi na mbili mwenyekiti kapiga simu. Karani anasainije ombi analolihakiki mwenyewe? Nikamwambia nimesaini kama mkazi. Akasema: Jumatatu saa tatu, ofisini kwake, na mwanasheria atakuwepo.

Duane anavua buti mlangoni. Anauliza kwa sauti kama mama wa chuma ametimiza.