Mtoto Mwenye Fimbo Hatumwi

Kyuso, Jumapili, Agosti 1951

Upepo wa leo umekuja na vumbi la soko zima. Limeingia kwenye chai, limeingia kwenye unga, na sasa liko juu ya karatasi hii ninayoandikia. Nje kumepoa lakini mimi nina joto.

Leo nimemfukuza mgeni nyumbani kwangu.

Mimi, binti wa Mombasa, niliyelelewa kwa kuambiwa mgeni njoo mwenyeji apone. Bibi yangu angesikia angeshika kichwa. Ni kweli husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi jembe sikumpa. Nilimpa viatu vyake.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia tena.

Hapa Kyuso kuna klabu ya mpira ya watoto, na anayeiongoza ni Koplo Nzioka. Ukoplo alirudi nao kutoka vitani Burma, na mpaka leo anatembea utadhani kuna mtu nyuma yake anapiga ngoma. Amenuna asubuhi na jioni. Ana masharti mengi kuliko mganga. Mwanangu Idi, mwenye miaka kumi na mmoja, anampenda kuliko halua.

Mimi mwanzoni sikumpenda hata kidogo. Siku moja niliishiwa chumvi na mchuzi uko motoni. Nikaenda mpaka kando ya uwanja, nikamwita Idi akimbie dukani. Mtoto akaja hadi pale watoto walipolaza fimbo zao, akaokota yake, akaniinulia, akasema kwa adabu zake zote, "Niko na mbuzi, mama." Sisi mbuzi wa kuchunga hatuna. Tulio nao ni ngozi tu, zimekauka stoo. Nilimtazama nikaona labda jua limempiga.

Jirani yangu Mbula, aliyekuwa karibu, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza. Kwa Wakamba mtoto hutumwa na mkubwa yeyote, na kukataa hakuna. Hata mzee usiyemjua akikukuta njiani akasema kaniletee tumbako, unakwenda. Asiyetumwa ni mmoja tu, yule aliye na mifugo. Ukimwona ana fimbo mkononi, unapita zako kimya. Ukimtuma na mbuzi akapotea, wewe uliyemtuma ndiye utakayelipa, na hakuna mzee atakayekutetea.

Basi Koplo aliichukua sheria hiyo akaenda nayo kwa wazee. Akawaambia watoto wa klabu wako malishoni, tangu wanapotoka kwao mpaka wanaporudi kwao. Kila mmoja atakuja na fimbo yake. Akiwa nayo asitumwe na mtu, awe tajiri, awe mwalimu, awe Koplo mwenyewe. Wazee walicheka sana, kisha wakakubali. Wangekataaje, na sheria ni yao?

Mchuzi wangu siku ile ulilika bila chumvi.

Lakini jicho langu, ambalo Baba Idi husema halilali, lilianza kumfuata Koplo. Nikaona mengine. Watoto wakimaliza kucheza huenda mtoni kujimwagia maji ya visima vya mchangani. Yeye huwapeleka, kisha hukaa juu ukingoni na mama mmoja au wawili, amewapa watoto mgongo. Idi alipoteguka mguu, Koplo hakumwingiza nyumbani kwake kumkanda, ingawa nyumba iko hatua chache tu. Alimbeba mpaka kwangu, akamlaza kwenye mkeka barazani, mbele ya macho yangu. Watu walimtania kwamba mwanajeshi aliyepigana na Wajapani anaogopa watoto. Aliwahi kumwambia Mbula kwamba huko vitani aliona watoto wakitumwa na kila mwenye buti.

Hapo nikaanza kumheshimu. Sikumwambia, maana angezidi kununa.

Kisha akaja huyu mgeni. Jina lake silitaki katika shajara yangu. Huku wanamwita Bwana Lori, kwa sababu ya lori lake linalobeba ngozi zetu mpaka kwenye reli. Ni rafiki ya mume wangu kibiashara. Kila akija Kyuso hulala kwetu, kwenye chumba cha mbele. Ni mcheshi, mkarimu, ana peremende mfukoni kwa kila mtoto. Safari hii alileta mpira. Mpira wa ngozi halisi, wa kutiwa pumzi, si ule wa matambara wanaofunga kwa kamba za katani. Soko zima lilikuja kuutazama.

Siku mbili hazijapita, akasema atawapeleka watoto Tseikuru wakacheze na wenzao. Ila yeye atatangulia na Kimanzi, wakae mbele pamoja, walale huko. Wengine watafuata kesho yake kwa njia yao.

Kimanzi ni rafiki ya Idi. Ni mdogo kwa umbo, akishika mpira humwoni tena. Wazazi wake wamefariki, analelewa na bibi yake, ambaye sote tunamwita Susu kama Wakamba wanavyowaita mabibi zao. Susu haoni vizuri. Kumwomba ruhusa mtu kama huyo, na umemletea sukari, ni jambo rahisi sana.

Sasa ndipo naliona hilo. Wakati ule niliona bahati tu imemwangukia yatima.

Koplo alikataa. Alisimama mbele ya lori, mbele ya watu wote, akasema, "Lori ni mzuri. Watoto wote nyuma, na mama wawili. Ama hapana lori." Bwana Lori alicheka. Alipoona hachekewi, akakasirika, akauchukua mpira wake akautupa ndani ya lori.

Lo, Koplo alivyosemwa! Sokoni, msikitini, kanisani, kisimani. Kwamba ana wivu, kwamba ametia aibu Kyuso kwa mgeni. Baba Idi alikuwa na wasiwasi na ngozi zake. Na mimi nilitia langu. Nilimwambia Mbula kuwa Koplo sasa amezidi, dawa ikizidi ni sumu.

Ndivyo tulivyofika leo.

Alasiri Idi na baba yake walikwenda kuswali. Kimanzi alikuwa anamngoja Idi uani, amekaa kando ya ukuta na fimbo yake magotini, wametoka uwanjani kucheza na ule mpira wao wa matambara. Mimi nilikuwa jikoni nachambua pojo, na jiko langu lina dirisha dogo ambalo mtu wa nje hajui kama linasikia.

Bwana Lori alitoka chumbani akamwita. Akamwambia ana viatu vya mpira vya kumpa, aingie ndani avijaribu. Nikasikia sauti ndogo ya Kimanzi.

"Niko na mbuzi, mzee."

Mgeni akacheka, akauliza mbuzi hao wako wapi, yeye hawaoni. Mkamba asingeuliza hivyo. Kimanzi akarudia maneno yale yale. Sauti ya mgeni ikabadilika. Akasema yeye ni mkubwa wake, anamtuma, na mtoto gani huyo asiye na heshima. Na mimi namjua Kimanzi. Ni mtoto anayeinuka kwa heshima hata akipita kuku wa mtu mzima. Nilimwona kupitia dirishani, ameinuka, fimbo yake inagongagonga ukuta. Akasema tena, mara ya tatu, kwa sauti iliyokaribia kukatika, "Niko na mbuzi."

Mgeni akainama. Akamwambia polepole aingie upesi, na asimwambie Koplo wala yule bibi yake.

Hapo pojo zilimwagika.

Sijui nilivyotoka jikoni. Nilijikuta nimesimama kati yao, ungo bado uko mkononi. Nilitaka kumtukana, na matusi ya Mombasa ninayajua yote, lakini yaliyotoka ni maneno ya Kyuso.

"Huyu hatumwi, bwana. Ana mbuzi."

Akaniambia nimemvunjia heshima. Akaniambia mume wangu atanijibu. Nikamwambia viatu vyake viko mlangoni, na mlango uko wazi. Kimanzi nilimweka nyuma yangu, nikahisi ameshika leso yangu kwa nyuma, ameikunja mkononi.

Baba Idi aliingia na Idi mambo yakiwa hivyo. Nilimweleza palepale, kwa maneno machache, yale niliyoyasikia na jinsi nilivyoyasikia. Niliogopa. Mume wangu ni mtu wa kupima kabla ya kukata, na mgeni huyu ndiye mkono wake wa biashara. Alimtazama mgeni. Mgeni akaanza kueleza, eti ni viatu tu, eti wanawake. Baba Idi aliingia chumba cha mbele, akakunja mkeka, akatoka na sanduku la mgeni kichwani, yeye mwenyewe, mtu asiyebeba hata ndoo, akalipeleka mpaka kwenye lori.

Miaka kumi na tatu nimeolewa na mwanamume huyu. Leo nimempenda upya.

Ngozi zimebaki stoo na zitatunukia mpaka Mungu alete lori jingine. Zinuke tu.

Jua lilipoanza kushuka nilimpeleka Kimanzi kwao, Idi mbele yetu. Njia nzima sikumwuliza kitu. Fimbo hakuiachia. Nilimtuma Idi amwite Koplo, na hapo nikakumbuka kuwa Idi naye ana fimbo, nikaenda kumwita mwenyewe.

Koplo alisikiliza yote akiwa amesimama. Nilidhani atanisifu kidogo, au atasema kwamba alituonya. Wala. Aliuliza kama mtoto amekula. Tukaingia uani kwa Susu, na bibi akamvuta mjukuu wake ubavuni. Koplo hakumhoji. Alichuchumaa mbali kidogo, akavua kofia, akamwuliza kama wachungaji wanavyoulizwa kila jioni huku ukambani.

"Mbuzi yote imerudi?"

Kimanzi akafikiri. Akamtazama Susu, akanitazama mimi.

"Imerudi."

Ndipo akaiweka fimbo chini, akalia. Alilia kama mtoto mdogo kabisa, na Susu akamfunika kwa shuka yake. Koplo akageuka akatazama miiba ya boma. Nilimwona anapangusa uso, na si kwa sababu ya vumbi. Mtu huyu nilisema hana moyo, na kumbe amekuwa akiuwekea walinzi muda wote huu.

Tulipotoka nilikuwa nimeanza kujisikia shujaa. Nilimwambia Koplo basi yamekwisha, mtu ameshaondoka na lori lake. Akasimama njiani.

"Mama Idi," akasema, "umefukuza fisi kwa boma yako. Vizuri sana. Kwa boma ya Tseikuru je? Kwa Matiliku je? Yeye iko na lori. Na mpira bado iko ndani."



Anataka kesho twende kwa chifu, yeye, mimi na Susu. Amesema mtoto asisimamishwe mbele ya watu kuulizwa, kwa hiyo aliyesikia ni mimi na wa kusema ni mimi. Baba Idi amekubali, na atafuatana nasi. Wazee wa baraza watakuwepo. Nitasimama mbele ya wanaume, mke wa mfanyabiashara, mtu wa pwani, na kumtaja kwa jina mtu ambaye wote wamekula peremende zake. Watasema nina ugomvi wa ngozi. Watasema dirisha langu ni dogo.

Idi amelala. Fimbo yake ameilaza kando ya mlango, pale pale ilipokuwa inanikera kila nikifagia. Leo nimeizunguka kwa ufagio bila kuigusa.

Kimanzi hana baba, hana mama, na kimo chake kinanifika kiunoni. Alimwambia mkubwa hapana mara tatu, peke yake, bila kujua kama yupo mtu anayesikia. Mimi kesho natakiwa kusema mara moja tu, na Koplo amesimama nyuma yangu. Nitashindwaje?