Gemu Tulizoficha Kwenye Kidude cha Kwaya

Mke wangu Perpetua,

Nimeianza barua hii na kuiacha zaidi ya mara moja, maana kila nikifika kwenye neno "gemu" uso unaniwaka, kana kwamba mama yako bado amekaa pale sebuleni ananitazama.

Unakumbuka ulivyokinunua kile kicheza muziki? Cha mtumba, pale sokoni, kioo kina mkwaruzo. Ulisema ni cha kujifunzia sauti ya pili, kwani mwalimu wa kwaya hakuwa na subira na wanaochelewa kushika wimbo. Ukawa unafua nguo umekibana kiunoni, waya masikioni, na mimi nikisikia sauti moja tu ya wimbo wenye sauti nne.

Kisha nikaja na kile kigemu cha mkononi, nilichouziwa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahama. Kadi yake ilikuwa ndogo, haibebi zaidi ya gemu moja. Wewe ndiye uliyegundua kwamba kicheza muziki kikichomekwa kwenye kompyuta kinafunguka kama flashi, na kina nafasi tele. Tukaanza kuhifadhi gemu humo. Tukichoka na moja tunairudisha, tunahamishia nyingine kwenye kadi. Nafasi ilipojaa ukafuta nyimbo, mwenyewe, moja baada ya nyingine. Nilikuuliza Jumapili utaimba nini.

"Nyimbo ninazo kichwani," ulisema. "Haya sogea, zamu yangu."

Tulikuwa na raha, Perpetua, lakini ya kujificha. Mgeni akipiga hodi, kigemu kinaingia chini ya mto. Kicheza muziki kinabaki mezani, kwani nani angejua? Hatukuwahi kulisema, ila wote wawili tulijua tunaogopa nini: ndoa ya miaka yote ile bila mtoto, halafu nyumba ikutwe na kitu cha kuchezea. Hata ulipolazwa hospitali ya Kitete, ukisikia nesi anakuja ulinirudishia kigemu haraka, nami nakitia mfukoni kama mwizi.

Sasa nikuambie yaliyotokea siku ya arobaini yako.

Baada ya misa wanakwaya walikuja nyumbani Itetemia. Mama yako alikuwa amefika kutoka Urambo na mdogo wako Skola. Mama akasema angependa kusikia sauti yako. Alikuwa amekuona mara nyingi na zile waya masikioni, akaamini umejirekodi kwenye kile kicheza muziki. Nikasema kimeharibika.

"Kilete tu, shemeji," Skola akasema. "Hivi vitu tatizo lake huwa chaji."

Akakichomeka kwenye kompyuta yake mbele ya watu wote. Akatafuta, akakunja uso.

"Mbona humu hamna wimbo hata mmoja? Ni magemu matupu."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akanong'ona, "Magemu? Kwani hawa wana mtoto?" Nilimsikia. Nadhani mama naye alisikia.

Hapo ndipo nilipokukana. "Ni ya huyo aliyetuuzia," nilisema. "Perpetua hakuwahi hata kuyaona." Maneno yalinitoka laini kabisa. Watu wakaridhika, wakaendelea kula.

Nikatoka uani, nikajifanya nachochea kuni. Mama akanifuata. Unajua tulivyokuwa tukiheshimiana kwa mbali, hatukai hata mkeka mmoja. Siku hiyo alivuta kigoda, akakaa karibu yangu.

"Baba," alisema, "kule wodini niliingia siku moja, nikamkuta mwanangu anacheka peke yake, kashika kitu. Aliponiona akakificha chini ya shuka. Ndiyo hayo magemu?"

Nilishindwa kumtazama. "Ndiyo, mama. Nimesema uongo mbele za watu. Tulikuwa tunacheza wote wawili. Tuliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Nikasukuma kuni moja motoni. Nadhani jibu alilijua, maana hakuuliza tena, akasema, "Kilete nikione."

Nikakileta kigemu, nikakiwasha. Likafunguka shamba lako, lile ulilolipenda kuliko gemu zote: mistari ya mahindi, nyumba ya paa jekundu, ng'ombe uliowapa majina ya wanakwaya na ndugu zako. Mama alikisogeza mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nikamsomea majina. Aliposikia kuna ng'ombe anaitwa Skola alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, na kicheko kilipoisha aliendelea kujifuta.

"Alikimbia kulima tumbaku ya baba yake," alisema, "kumbe alikuja kulima huku." Kisha akauliza, "Na tangu aondoke, nani anawalisha hawa?"

"Hakuna, mama."

"Basi walishe."

Nikawalisha, mama yako ameegemea bega langu. Skola akatokea mlangoni, wanakwaya nyuma yake, akauliza tunatazama nini.

"Shamba la dada yako," nikasema. "Lake mwenyewe. Nilidanganya."

Hakuna aliyecheka safari hii, lakini aibu haijaniisha. Gemu sizionei haya tena. Ninachoona aibu ni kwamba watu walipotaka kukusikia, niliwapa mwanamke mwingine, mtulivu, wa heshima, asiyecheka peke yake kitandani. Huyo sikuwahi kumwoa.

Pumzika, Perpetua. Nisamehe kwa zile dakika chache.

Mimi mumeo