Ini Langu, Damu ya Mugisha

Jumatatu, 2 Juni

Nimeficha homa ya ini kwa miaka kumi na sita. Naandika hilo kwanza, kabla uji haujapoa.

Tumbo: sentimita mia moja na nne. Jana mia moja na tatu. Kidonge cha kupunguza maji nimemeza. Chumvi sijaigusa. Daktari anataka niandike mistari michache kila siku. Ini likishindwa kusafisha damu, sumu hupanda kichwani, na mwandiko ndio huyumba kwanza. Hakusema niandike nini. Nitaandika ukweli. Mwandiko wa leo bado ni wa mwalimu.

Mugisha amepiga simu kutoka Mwanza. Mwanangu wa pekee, miaka ishirini na minane. Anakuja Jumamosi. Amepata tiba, anasema.

Jumatano, 4 Juni

Miguu imevimba. Nimegeuza kahawa iliyoanikwa uani kwa fimbo nikiwa nimekaa kitini. Upande mmoja tu.

Nilijuaje? Watu wa kukusanya damu walikuja shuleni kwetu. Nilikuwa mwalimu wa biolojia, nikatoa wa kwanza ili wanafunzi wasiogope. Baadaye nikaitwa pembeni. Virusi vya homa ya ini, aina ya B. Nilete mke na mtoto wapimwe, na wasio navyo wachanjwe. Nikasema nitawaleta.

Sikuwaleta. Virusi hivi hupita kwenye damu, kitandani, na kwa mtoto anapozaliwa. Niliona aibu. Sababu nyingine sina. Vidonge vya kuvizuia nimeanza mwaka jana, ini likiwa limeshajaa makovu. Mugisha anaamini ni rubisi, pombe ya ndizi niliyokunywa ujanani. Nimemwacha aamini.

Jumamosi, 7 Juni

Mugisha amefika na karatasi kumi na moja. Kliniki ya ng'ambo. Wanatoa uboho kwenye nyonga, wanachambua seli shina, wanazipenyeza kwenye mshipa wa ini ili zilijenge upya.

"Tata, watachukua zangu," kasema. "Zako zimezeeka, zikifika kwenye ini zitaomba kiti."

Nimecheka mpaka kitovu kimeuma.

Nimezisoma zote, kalamu nyekundu mkononi. Seli shina si uongo. Nilizifundisha mwenyewe: seli ambayo bado haijachagua kazi. Watafiti wanazijaribu kwenye maini kama langu, na huenda siku moja zikatibu. Lakini karatasi hizi zinaahidi kama mpiga debe wa mnadani. Hakuna ukurasa unaosema wangapi walitibiwa na wangapi walikufa. Tena hapa kijijini Kanoni kila mtu anajua: mnyauko ukiua mgomba, hupandi chipukizi safi kwenye shimo lilelile. Ini langu ni shimo hilo.

Nimekataa. Sina shaka hata kidogo.

Jumapili, 8 Juni

Hakubali kwamba nimekataa. Anayetoa seli lazima apimwe damu kwanza, kwa hiyo Jumanne anakwenda hospitali. Amesema hayo huku akimenya ndizi, kama mtu anayetaja gulio.

Sikula tena.

Tiba ile hainihusu. Kipimo ndicho kinachonitisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili nilipoambiwa nimlete.

Jumatatu, 9 Juni

Nilipanga kumwambia asubuhi. Nikazungumzia mvua. Mchana nikazungumzia mbuzi. Mimi ni mwoga. Kesho nitasema kabla hajawasha pikipiki. Si haki aambiwe na mtu wa maabara.

Jumanne, 10 Juni

Nimesema. Alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki. Nilisema yote kwa mara moja, kama dozi chungu. Aliwasha akaondoka.

Mstari wa juu umepinda. Ni mkono tu. Kichwa kizima.

Jumatano, 11 Juni

Alilala mjini. Amerudi saa nne asubuhi. Virusi anavyo.

Ini lake bado zuri. Daktari amesema kuna vipimo vingine, na kama vidonge vitahitajika, vipo. Ataishi, mradi asiache kufuatilia. Nimeandika "ataishi" na nimepumua.

Hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu. Aliketi kwenye ngazi, akauliza, "Mama alijua?"

Hakujua.

"Kwa hiyo Kokuberwa?"

Nilijua swali hilo litafuata.

Yustina, mke wangu, alikufa miaka tisa iliyopita. Macho ya njano, tumbo la maji, kama mimi sasa. Kabla ya kuugua alikunywa rubisi kwa jirani yetu Kokuberwa, rafiki yake tangu usichana. Watu wakasema amelishwa sumu. Wazee wa ukoo waliketi hapa wakaniuliza: "Mwalimu, wewe ndiye msomi wetu. Unasemaje?" Nikasema sijui.

Lilitosha hilo. Hakuna aliyemchomea nyumba wala kumpiga. Walichofanya ni kuacha kutafuna kahawa yake. Huku mgeni akiketi hupewa punje za kahawa, na anayezikataa amekuita muuaji bila kufungua mdomo. Miaka tisa sasa hazijapokewa.

Ijumaa, 13 Juni

Kwa Kokuberwa si mbali. Nimepumzika mara tatu, Mugisha akinishika kiuno. Bado ana hasira, mkono wake unasema. Lakini hakuniachia.

Kokuberwa alitoka jikoni. "Shikamoo Mwalimu. Umepotea njia?" Akaleta kiti. Kahawa akaiweka mbali, kwenye dirisha, ili mgeni asipate tabu ya kukataa. Amezoea hivyo.

Nikaiomba. "Utaogopa," akasema. Nikaweka punje tatu mdomoni, nikatafuna, kisha nikamweleza. Virusi. Mimi niliyempa Yustina. Mimi niliyenyamaza.

Nilitarajia kilio. Alinitazama kana kwamba mimi ni mwanafunzi aliyechelewa kuleta daftari.

"Kwamba sikumuua nilikuwa najua. Umekuja kunifundisha nini? Waambie wao."

Ana haki.

Jumapili, 15 Juni

Mchungaji alinipa nafasi baada ya matangazo. Nilisema nikiwa nimekaa. Nilitaja ugonjwa kwa jina. Nilisema Yustina hakulishwa sumu na mtu yeyote. Nilisema aliyelala na mgonjwa au aliyezaliwa na mgonjwa akapimwe, na asiye nao achanjwe.

Byabato, mzee wa ukoo wetu, akacheka nyuma. "Msameheni. Ini limempanda kichwani."

Watu wakaanza kuguna. Nilihisi yote yananiponyoka.

Mugisha akasimama. "Basi na mimi limenipanda. Karatasi yangu ya maabara hii hapa. Njoo usome, babu, au nikusomee?"

Byabato hakuja. Mchungaji alikuja. Alisoma kimya, kisha kwa sauti.

Tulipotoka, wanawake wawili walipita njia ya kwa Kokuberwa. Si wengi. Wawili.

Jumatano, 18 Juni

Wametoa maji tumboni, ndoo karibu nzima. Nimeambiwa ukweli: wiki, labda miezi. Sawa. Mugisha amezikunja karatasi za kliniki akaziweka chini ya mguu wa meza unaocheza. Bado anaamini seli shina. Na aziamini. Ana umri wa kungoja majibu ya watafiti.

Amesema, "Tata, sijakusamehe." Nimemwambia asiharakishe.

Jumapili, 22 Juni

Siumwi sana leo. Mawingu yamekaa chini, migomba imetulia.

Kokuberwa amekuja kunijulia hali. Ameketi kitandani, upande wa miguu. Amesema Byabato mwenyewe alipita jana akatafuna, huku akitazama pembeni. Tukacheka.

Kisha akauliza jambo moja tu. Je, Yustina alikufa akiamini ni yeye aliyemlisha sumu?

Ningeweza kusema sikumbuki. Nakumbuka vizuri, na nikamweleza.

Yustina hakuamini hata siku moja. Wiki yake ya mwisho aliniomba nimwite rafiki yake waagane. Aliomba mara tatu. Sikwenda. Nilimwambia Yustina kwamba Kokuberwa amekataa kuja.