Ule Wimbo wa Harusi Niliupakua Mimi

Mpendwa dada Mwende,

Ulipokuwa ukitupakulia nyimbo kwenye laptopu ya kwaya, pale kanisani Katelembo, nilikuwa nakucheka. Watu wanangoja mazoezi, wewe bado unakagua. Ulitaka ukurasa wa mwimbaji mwenyewe, si zile kurasa zilizojaa vitufe vya kijani vya kumvuta mtu abonyeze. Unatazama kama jina la faili limeishia na mp3, kisha unaiskani uone kama ina virusi kabla ya kuifungua. Nikikuharakisha unanijibu, "Kalondu, wimbo haiitishangi kuinstoliwa. Ukiona inakuambia instolu, hiyo sio wimbo. Toka hapo."

Yote hayo niliyajua, dada. Sina pa kujificha.

Wiki tatu kabla ya harusi yangu nilitaka wimbo wa kuingilia ukumbini, wa bure, na siku hiyo hiyo. Wewe ulikuwa sokoni. Nikabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote. Ukurasa ukaniambia nizime kwanza programu ya kukinga virusi, nikaizima. Ukaniambia niinstolu programu yao, nikakubali. Wimbo haukulia. Nikaifuta ile faili, nikafunga laptopu, nikaenda kupimwa gauni.

Jumapili haikufunguka faili hata moja. Nyimbo zote kumi na mbili tulizorekodi mwaka mzima zilikuwa zimeharibika. Diski ya kuwekea nakala uliyoiomba, kamati ilikuwa bado inaijadili.

Mwenyekiti akauliza, "Flashi ya mwisho kuingia hapa ilikuwa ya nani?"

"Ni yangu," ukasema. "Lakini mimi huwa naiskani."

Watu wakaguna. Mama akainamisha kichwa. Ukanitazama mara moja tu, nami nikaanza kupanga vitabu vya nyimbo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Niliogopa kwaya ikinikasirikia haitaniimbia. Waliimba, dada. Waliimba vizuri sana, na wewe hukuwepo.

Sasa ni mwaka wa pili tangu uiache kwaya na kuhamia Masinga. Ukipiga simu unaongea na Mama habari za mvua na mbuzi, mimi naachiwa salamu. Sijui kama ulijua ni mimi. Hilo linanikosesha raha kuliko kosa lenyewe, kwamba pengine ulijua, ukanibebea.

Mwezi jana mama mmoja wa kwaya alimwambia msichana mgeni, "Usiweke flashi yako hapo, tusiletewe virusi vingine kama vya Mwende." Wakacheka. Nami nikacheka nao. Nilijichukia njia nzima hadi nyumbani.

Ndiyo maana sikukuandikia wewe peke yako. Yote niliyoandika hadi hapa nimeyatuma kwenye grupu ya kwaya leo asubuhi, baada ya kumsomea Mama. Mama hajaniongelesha tangu hapo. Mwenyekiti ameandika maneno mawili tu, "Uje Jumapili."

Nitaenda. Ubaki na amani huko, dada. Na tafadhali usiwapigie simu kunitetea. Nakujua.

Mdogo wako,
Kalondu