Wimbo Uliokatika Benchi ya Tatu

Kikula, Likasi
27 Agosti 1995

Mpendwa mdogo wangu Barnabé,

Pokea salamu za nyumbani, ambako sote tunapumua na wengine wanakoroma. Habari za Kitwe? Lile jino limetulia? Mkeo amejifungua salama? Sisi wazima, isipokuwa goti langu. Barua hii anakuletea Eugénie, yule muuza chumvi. Akichelewa, mlaumu mzigo mrefu niliompa autelemshe Kapolowe, nitakueleza.

Habari kubwa ni shemeji yako Alphonse. Tangu kazi iishe, miaka miwili sasa, mshahara hakuna. Siku ya mwisho wenzake walipewa viti na mabati badala ya pesa. Yeye akachagua kompyuta ya ofisini. Kuku wetu waliipenda mara moja, kwa sababu ina joto. Akaiunganisha na spika ya redio ya marehemu baba, akaanza kuandika nyimbo kwa tarakimu, sauti moja moja. Anajiita ingénieur wa muziki wa kompyuta, wa kwanza Likasi nzima. Hapo simpingi, maana wa pili hajatokea.

Lakini watoto hawali tarakimu. Baba mdogo Kalombo alituma jembe kutoka Kapolowe, akasema shamba la mahindi lipo, linamngoja Alphonse. Nikamwambia mume wangu: kanisa limekupa muziki wa harusi ya Emmanuella, yule binti wa kwaya, ukituaibisha, unashika jembe na kwenda. Akakubali. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, Barnabé, kwa sababu nampenda mtu huyu, na hajawahi kupalilia hata boga.

Siku ya harusi umeme ulikuwapo, na hilo pekee lilitosha kutolewa ushuhuda. Kosa lilikuwa la miguu. Ili kujua urefu wa wimbo, Alphonse alikuwa ametembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi madhabahuni, saa mkononi, kama anayewahi zamu. Nawe unajua bibi harusi wa kwetu: hatua moja, anasimama, uso wa huzuni, watu wasije wakasema amechoka kula bukari ya baba yake.

Wimbo ukaisha Emmanuella yuko benchi ya tatu tu kutoka mlangoni. Alphonse akauanzisha upya. Shangazi Emérance, aliyemshika mkono bibi harusi, akamgeuza wakarudi mlangoni.

“Tunaingiaka na mwanzo ya wimbo,” alisema, “hapana katikati.”

Mara tatu waliingia, mara tatu wakakwama benchi ya tatu. Pasta akainama kwa Alphonse: “Weye, iyi mashini yako iko na haraka ya kwenda wapi?”

Wimbo ulipokatika mara ya nne, bwana harusi Yannick akaacha nafasi yake, akaenda hadi benchi ya tatu, akanyoosha mkono. Vigelegele vilijaa kanisani, na Emérance mwenyewe akalia.

Alphonse alirudi nyumbani, akafunga mashati mawili, akaniuliza jembe liko wapi. Nilikwenda jikoni nikalia peke yangu.

Jumatatu, kabla hajaondoka, walikuja akina mama wawili wenye mabinti wa kuozwa, na unga wa malipo kichwani. Wanautaka ule wimbo. Akaahidi kuurefusha.

“Hapana,” mmoja akasema. “Acha ikatike palepale. Minye nataka mukwe yangu naye atembee kidogo.”

Mpaka leo wamefika watano.

Jana alasiri alinitoa jikoni. Sisi tulioana bila muziki, unakumbuka mpiga gita alivyolewa. Akaniomba nitembee kutoka mafigani hadi mlangoni. Nilitembea kwa adabu zote, goti likinisaidia. Wimbo ukakatika niko kwenye kamba ya nguo, nikasimama. Alphonse akaja, watoto wakicheka, akanyoosha mkono. Nilifurahi sana, sikufichi.

Nisalimie mkeo, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Glody na Daniella wanakukumbuka. Mungu alinde paa lako na wote walio chini yake.

Na ule mzigo mrefu wa Eugénie ni jembe la Baba mdogo Kalombo. Tunamrudishia likiwa safi, halikugusa udongo.

Ni mimi dada yako nikupendaye bila kupunguza,
Marceline